KARAKANA YA NYUMBANI: Shingo ya Gita na Ubao Mmoja wa Mvule

Katika safu hii tumezoea kuzungumza habari za meza, viti na vitanda vya watoto. Juma hili hatuna budi kuviweka kando, kwa sababu tumepokea barua ya koplo mmoja ambaye swali lake lataka jibu kabla msumeno haujashikwa. Koplo huyo ana gita ambalo sanduku lake lingali zima na sauti yake ni nzuri, lakini shingo yake imepinda kama upinde, hata nyuzi zimesimama juu ya pau za chuma kiasi cha mtu kuweza kupitisha kidole chini yake. Mwanawe, kijana wa kidato cha pili, hulipiga hivyo hivyo mpaka ncha za vidole zimechubuka. Nyumbani mna ubao mmoja tu wa mvule, unene wa inchi 2, upana wa inchi 6 na urefu wa futi 7, uliopasuliwa katika mti uliokuwa shambani kwa marehemu baba yake. Seremala wa kwanza alimwambia kwamba mvule ni mti mgumu, basi akate popote apendapo. Seremala wa pili aliutazama ubao huo kwenye ncha yake, akasema kwamba umepasuliwa vibaya na haufai ila kwa mlango. Koplo auliza: amsadiki nani?

Asimsadiki yeyote kati ya hao wawili. Ugumu wa mti peke yake hauifanyi shingo inyoke, na mpasuo peke yake hauufanyi ubao uwe wa kutupwa. Kuna jambo la tatu ambalo wote wawili wamelipita, nalo ni mwendo wa mishipa ya ubao kutoka ncha hii hadi ncha ile. Hilo ndilo litakaloamua kama ubao wa mzee utaimba au utakuwa mlango.

Yafaa kwanza tuelewe shingo ya gita yafanya kazi gani. Gita la kawaida lenye nyuzi sita za chuma, likikazwa sauti yake sawasawa, huvutwa kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Ni sawa na kuning'iniza mfuko wa saruji wa kilo 50, na juu yake debe la maji lililojaa. Mzigo huo haushuki usiku wala mchana, na unabebwa na kijiti cha mti ambacho unene wake, karibu na kichwa, ni milimita 20 hivi pamoja na ubao wa vidole. Mguu wa meza hupata mzigo kutoka juu ukateremka hadi sakafuni. Shingo ya gita huvutwa upande mmoja tu, upande wa nyuzi. Mti ukiwa na udhaifu wowote, mvuto huo utauona.

Wasomaji wetu walio jeshini huenda wakashangaa kwamba twaandika habari za gita katika ukurasa huu, lakini chombo hiki si kigeni kambini. Fundi Konde, mpiga gita mashuhuri wa Kenya, alikuwa askari wa kikosi cha burudani cha King's African Rifles wakati wa Vita Kuu ya Pili. Na huko Katanga, Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 mjini Jadotville, ambao sasa ni Likasi, aliimba kwa Kiswahili huku gita lake moja likisikika kama magita mawili. Vidole kama vile havifanyi kazi juu ya shingo iliyopinda.

Sasa turudi kwenye gogo. Mti ukikatwa, huonyesha pete za kukua kwake, moja ndani ya nyingine, kuuzunguka moyo wa mti. Msumeno ukilipita gogo moja kwa moja kutoka upande mmoja hadi wa pili, kama mtu akatavyo mkate, mbao nyingi hutoka zikiwa na pete zilizolala: ukiutazama ubao kwenye ncha, mistari ya pete inakwenda sambamba na uso mpana. Huo tuuite mpasuo wa bapa. Ndio mpasuo wa karibu mbao zote zinazouzwa Ndeeba na kwingineko, kwa sababu haupotezi mti wala muda. Lakini gogo likigawanywa kwanza robo nne, kisha kila robo ikapasuliwa kuelekea moyoni, mbao hutoka zikiwa na pete zilizosimama wima, kama askari kwenye mstari. Huo ni mpasuo wa robo. Katikati ya hiyo miwili kuna ubao ambao pete zake zimeinama kwa mshazari, nao aghalabu hupatikana kwenye kingo za mbao pana za mpasuo wa bapa.

Kwa nini watu hubishana juu ya jambo hili? Kwa sababu mti haunyauki sawasawa pande zote. Ukikauka, hupungua kwa kuzifuata pete karibu mara mbili ya unavyopungua kutoka pete hadi pete, na kwa urefu haupungui ila kidogo mno. Ndiyo maana ubao wa bapa ukiachwa juani hujikunja kama kigae, na ubao wa robo ukabaki bapa. Shingo ya gita hupita majira ya mvua na ya kiangazi, hutoka nyumbani ikaingia ndani ya lori, ikatoka ndani ya lori ikaingia hemani. Ubao ambao pete zake zimesimama wima kuelekea ubao wa vidole hutikisika kidogo zaidi katika safari hizo. Kwa hiyo seremala wa pili hakutoa hoja yake hewani.

Hata hivyo alivuka mpaka. Kiwanda cha Fender cha Marekani kimetengeneza shingo za magita ya umeme kwa mti wa mepo tangu mwaka 1950, na nyingi katika hizo ni za mpasuo wa bapa. Zipo ambazo zingali zimenyooka baada ya miaka 70. Kiwanda cha Martin, kwa upande wake, kilitumia mahogani kwa miaka mingi, na mafundi wake walipendelea pete zilizosimama. Wote wawili walipata magita mema. Walilokuwa nalo kwa pamoja ni mti uliokauka barabara na mishipa iliyonyooka kwa urefu wote wa shingo.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mishipa ya mti ni kama kifungu cha mabua membamba yaliyobanwa pamoja. Mabua yakienda kutoka ncha hadi ncha ya shingo bila kukatika, kila moja hubeba sehemu yake ya mzigo. Yakiwa yanatoroka, yaani yanaingilia uso wa mbele na kutokea uso wa nyuma, shingo hiyo haina mabua marefu. Ina vipande vifupi vilivyoshikana ubavu kwa ubavu. Mzigo ukikaa, vipande huteleza na shingo hupinda. Gita likianguka, shingo hukatika kwa kufuata mtoroko ule ule. Ubao wa bapa wenye mishipa iliyonyooka ni bora kuliko ubao wa robo wenye mishipa inayotoroka, na mwandishi wa safu hii hana shaka na hilo hata kidogo.

Mwendo wa mishipa wahitaji kutazamwa kwenye nyuso mbili, uso mpana na ubavu, kwa kuwa ubao unaweza kuonekana umenyooka upande mmoja na kumbe unatoroka upande wa pili. Piga randa nyuso zote mbili ziwe laini. Fuata kwa jicho vile vistari vidogo vya matundu, ambavyo katika mvule na mkangazi huonekana wazi kama mikwaruzo ya sindano. Ukiwa huna hakika, dondosha tone la wino juu ya uso uliopigwa randa: wino utatambaa kwa kufuata mishipa, nao utakuonyesha mwelekeo ambao jicho limeukosa. Kuna na njia ya kale kuliko hizo. Kata kipande kifupi mwisho wa ubao, ukipasue kwa patasi pana badala ya msumeno. Msumeno hupita utakapo wewe, lakini patasi hupasua utakapo mti. Uso uliopasuka ukiwa bapa, mishipa imenyooka. Ukiwa umejisokota kama kamba, shingo itakayotoka humo nayo itajisokota. Kipimo chetu ni hiki: mishipa ikihama zaidi ya sentimita 1 katika urefu wa sentimita 20, kipande hicho kisiwe shingo.

Kusoma pete kwenye ncha ya mvule si kazi rahisi. Miti ya nchi za baridi husimama kukua wakati wa theluji, kwa hiyo pete zake ni wazi kama mistari ya daftari. Miti yetu haina likizo ya namna hiyo, na pete zake mara nyingi ni hafifu. Piga randa ncha ya ubao kwa kisu kikali hasa, ilowanishe kwa kitambaa, kisha itazame kwenye mwanga wa kutoka ubavuni. Utaona mistari ya rangi nyepesi iliyopinda kidogo. Tazama pia kama ubao umejikunja: uso uliobonyea ni ule uliokuwa mbali na moyo wa mti, na kujikunja kwenyewe ni ushahidi kwamba pete zimelala.

Kuhusu aina za miti tutasema kwa kifupi. Mkangazi, ambao wengi huuita mahogani, na ambao msitu wa Budongo umesifika kwao, ni mwepesi kiasi, hukatika vizuri, na ndio unaokaribia zaidi mti uliotumiwa na viwanda vya magita. Tangu mkutano wa mwaka 2022, mikangazi ya Afrika imo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hiyo askari anayerudi kutoka kazini nje ya nchi asivuke mpaka na mbao zake bila kibali. Mninga hupungua kidogo sana ukikauka, nao ni mzuri mno ukipatikana. Mkaratusi hupasuka na kujisokota, tusiutumie. Musizi ni mwororo, unafaa masanduku. Mpingo ni mzito kupita kiasi kwa shingo nzima, lakini kwa ubao wa vidole hauna mpinzani.

Mvule wenyewe ni mti wa kutumainika. Ukishakauka hautikisiki ovyo. Una kasoro mbili ambazo fundi hana budi kuzijua. Ya kwanza, mishipa yake hupishana: tabaka moja limeinama kulia, tabaka linalofuata limeinama kushoto. Randa ikilala vizuri kwenye tabaka moja huchomoa vipande kwenye tabaka jirani. Kupishana kidogo kwavumilika, na kwa kweli husaidia mti usipasuke; kukizidi, chagua sehemu nyingine ya ubao. Ya pili, ndani ya mvule huweza kufichika mawe madogo ya chokaa, ambayo mti huyatengeneza wenyewe. Msumeno ukikutana nayo hupoteza meno. Ukiona doa jeupe gumu, zungukia mbali.

Kisha kuna ukavu, na hapa ndipo wengi huharibikiwa. Kanuni ya wazee wa kazi ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, chini ya paa penye upepo, mbao zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti na ncha zake zimepakwa rangi ili zisipasuke. Koplo hakutuambia ubao wake umekaa miaka mingapi. Basi na akate kipande kidogo katikati ya ubao, si kwenye ncha, akipime kwenye mizani ya dukani na kuandika uzito wake. Akiweke ndani ya nyumba, akipime tena kila juma. Kikiendelea kupungua uzito, ubao ungali mbichi na lazima angoje. Kikisimama kwa majuma matatu, kazi ianze. Na ndugu zetu akina mama mtusaidie hapa: asiruhusiwe mtu kuanika ubao juu ya jiko ili akaushe haraka. Ngozi ya ubao itakauka, ndani kutabaki na maji, na ubao utapasuka ndani kwa ndani pasipo mtu kuona.

Sasa tufikie ubao wa marehemu mzee. Kwa maelezo ya seremala wa pili, pete zake zimelala. Vema, ugeuze ubavu, na pete zitakuwa zimesimama! Koplo apasue ubao wake kwa urefu, atoe fito zenye upana wa sentimita 2.5. Katika upana wa inchi 6, yaani sentimita 15, zitatoka fito tano baada ya kuhesabu mti unaoliwa na msumeno. Kila ufito ukilazwa kwa ubavu, uso wake wa juu ni ule uliokuwa unene wa ubao, na pete zake zimesimama wima kama za mpasuo wa robo. Urefu wa futi 7 ni sentimita 213. Shingo pamoja na kichwa yataka sentimita 75, kwa hiyo kila ufito watoa vipande viwili, na kinachobaki chatosha kisigino cha shingo. Kwa hesabu ya karatasi ni vipande kumi. Kwa hesabu ya kweli, ukiondoa vifundo, nyufa na mishipa iliyotoroka, huenda vikabaki vinne au vitano. Ndipo koplo atakapochagua kimoja kilicho bora kuliko vyote, na wala asikimbilie kile cha kwanza kilichokatwa.

Liko tatizo moja: kipande hicho, baada ya kupigwa randa, kina upana usiofika sentimita 5, na shingo inapokutana na sanduku yataka karibu sentimita 6. Dawa yake ni njema kuliko ugonjwa. Kipande kipasuliwe katikati kwa urefu, nusu moja igeuzwe kichwa kuwa mguu, na baina ya nusu hizo mbili utiwe ufito wa mninga au mkangazi wenye upana wa sentimita 1.5. Gundi ya mbao ipakwe, vikazwe kwa jiriwa usiku kucha. Nusu zilizogeuzwa hupingana: hii ikitaka kupinda kulia, ile hutaka kushoto, na shingo hubaki katikati. Viwanda vingi vya magita huunga shingo zao hivyo, na si kwa umaskini wa mti.

Kichwa cha gita nacho kisichongwe pamoja na shingo katika kipande kimoja. Kichwa huinama nyuma kwa digrii 15 hivi, na ukikichonga moja kwa moja utakuwa umeikata mishipa yote pale pale palipo pembamba. Magita mengi yaliyovunjika shingo yamevunjikia hapo. Badala yake, ncha ya shingo ikatwe kwa mshazari, kile kipande kilichokatwa kigeuzwe chini juu na kuunganishwa kwa gundi. Hapo mishipa ya kichwa itafuata kichwa, na ya shingo itafuata shingo.

Wengine watauliza habari za kile chuma cha ndani kinachokazwa kwa ufunguo. Gibson walipata hataza ya chuma hicho mwaka 1923, kwa uvumbuzi wa Thaddeus McHugh. Ni msaada mkubwa, lakini Martin hawakuanza kukitumia mpaka mwaka 1985. Kabla ya hapo walitia ufito wa abunusi au chuma usioweza kukazwa, na mti ukafanya kazi iliyobaki. Koplo asipokipata, amwombe fundi wa vyuma bomba la mraba la milimita 10, alizamishe katikati ya ule ufito wa kati na kulifunika kwa ubao wa vidole.

Akiisha kuunga, asichonge hadi mwisho siku ile ile. Shingo iachwe nene kwa milimita 3 zaidi, iwekwe ndani ya nyumba majuma mawili, kisha ikaguliwe kwa uzi uliovutwa. Ikiwa imehama, inyooshwe kwa randa wakati mti ungalipo wa kupunguzwa. Na katika kuchonga mgongo wa shingo asiwe na haraka ya kuipata nyembamba kwa sababu kijana ana vidole vifupi: shingo ya milimita 22 ikipunguzwa hadi milimita 20, hupoteza karibu robo ya ukakamavu wake.

Vumbi la mvule huwasha ngozi na kukera kifua. Kazi ya msasa ifanyike nje, kitambaa kikiwa kimefungwa puani, na watoto wadogo wakae mbali mpaka uwanja ufagiliwe kwa ufagio uliolowanishwa.